Nyundo ikigonga goti, nani anarusha mguu? (Uzi wa refleksi na mishipa ya fahamu)

#1 · Kapteni_Neva (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Swali hili linarudi humu kila mara: "Nimegongwa goti na kanyundo, mguu haukuruka, nina tatizo gani?" Kesho yake anakuja mwingine ambaye wa kwake umeruka mpaka nusura umpige daktari. Majibu anayopewa ni "damu imepungua" au "kapime presha". Hayahusiani kabisa. Naweka hapa njia nzima ya refleksi hii, yaani mwitiko unaojitokea wenyewe bila kuuamua, wenye fani zao wataongezea.

Chini kidogo ya pia ya goti kuna kano ngumu inayoishikiza pia kwenye mfupa wa muundi. Kano hiyo ni mkia wa msuli mkubwa wa mbele ya paja. Nyundo ikiigonga inabonyea, na ikibonyea inauvuta msuli kidogo sana, lakini kwa ghafla. Ghafla hiyo ndiyo muhimu. Katikati ya nyama ya msuli kuna nyuzi ndogo zilizozungushiwa ncha za neva kama waya kwenye msumari. Vitabuni zinaitwa spindo. Kazi yake ni kupima msuli umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani.

Spindo zikivutwa, umeme unapanda kwenye neva nene kuliko karibu zote mwilini, zile zenye ganda nono la mafuta, hadi kwenye ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Humo neva hiyo inagusana moja kwa moja na seli inayoendesha msuli uleule wa paja. Kiungo ni kimoja tu, yaani sinapsi moja, hakuna dalali. Seli inatuma amri, msuli unajikunja, mguu unaruka.

Kuna tawi la pili ambalo watu hulisahau. Neva ileile inaichokoza seli ndogo ya katikati, nayo inamwaga glisini, kemikali ya kunyamazisha, kwenye seli zinazoendesha misuli ya nyuma ya paja ili zinyamaze. Bila hivyo, mbele na nyuma zingevutana kama timu mbili za kuvuta kamba na mguu usingekwenda popote.

Hesabu ya haraka: kutoka pajani hadi ugwe mgongo ni kama nusu mita au zaidi kidogo. Kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde, kwenda ni kama milisekunde 10 na kurudi vivyo hivyo, sinapsi inakula chini ya 1, na neva kuuamsha msuli nyingine kama 1. Msuli unaanza kuwaka baada ya milisekunde 20 na kitu. Mtu mwenyewe anatambua amegongwa wakati mguu umeshaanza safari.

#2 · Kijiweni_FC

Mkuu asante. Kwa hiyo ubongo hauna habari kabisa? Na kipa anayeokoa penalti tunasema ana refleksi kali, naye anatumia ugwe mgongo?

#3 · Mwalimu_Bailojia

Kipa hatumii refleksi, hata watangazaji waseme nini. Penalti ni mita 11. Mpira uliopigwa kwa kilomita 100 kwa saa unafika golini kwa takriban sekunde 0.4. Mtu mzima akiona kitu na kuanza kusogea, kama sekunde 0.2 zimeshakwenda, na bado hajaruka. Ndiyo maana kipa anasoma nyonga na mguu wa kusimamia wa mpigaji, kisha anachagua upande mapema. Hayo ni mazoezi na kubahatisha kwa akili, na yote yanapita kwenye ubongo. Mbio fupi nazo ni hivyohivyo: mwanariadha akisukuma vibao vya kuanzia kabla ya sekunde 0.1 tangu mlio, anahesabiwa ameanza mapema, kwa sababu inachukuliwa kwamba hakuna binadamu anayeusikia mlio na kuitikia kwa wakati mfupi hivyo.

Kipimo cha darasani: mwenzako ashike rula ya sentimita 30 kwa juu, wewe weka vidole wazi kwenye sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia. Ukiidaka kwenye sentimita 15 umetumia sekunde 0.175, kwenye 20 ni 0.20, na ikikupita yote umezidi 0.247. Kosa la wanafunzi wengi ni kumwangalia mwenzao usoni ili wajue lini ataachia. Hapo wanapima kubahatisha. Watazame rula, wafanye mara 5 na wachukue wastani.

Hiyo ni mwitiko wa hiari. Goti ni refleksi. Tofauti yake: ya rula unaweza kuamua usiidake.

#4 · Kapteni_Neva

Nakubaliana, ila kwa swali la ubongo nataka kurekebisha kitu ambacho hata vitabu vya sekondari hukikata kifupi. Kusema "refleksi haipiti kwenye ubongo" ni nusu ya ukweli.

Kwanza, nakala ya taarifa hupanda juu, ndiyo maana unajua umegongwa. Pili, ubongo ndio unaoshika kitufe cha sauti. Kila wakati unateremsha amri za kuipunguza au kuiongeza nguvu ya refleksi. Mtu aliyejikaza kwa woga goti lake linaweza kugoma. Mwingine mwenye wasiwasi linaruka kupita kiasi, pande zote mbili sawa. Tatu, zipo refleksi ambazo kituo chake kiko kichwani penyewe: kupepesa jicho likiguswa, mboni kusinyaa kwa mwanga, kutapika. Hizo hupitia shina la ubongo, haziteremki kwenye ugwe mgongo kwanza.

Mfano wa kitufe: ukigusa kikaango cha chapati bila kujua, mkono unarudi wenyewe. Lakini umeshika bilauri ya chai ya moto na pembeni kuna mtoto, utavumilia mpaka uiweke mezani. Njia ya ugwe ni ileile, ila juu kuna anayesema "subiri".

Na hiyo ya kikaango si sawa na ya goti. Inabebwa na neva nyembamba zaidi, zenye mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na ndani ya ugwe inapita sinapsi kadhaa. Halafu kuna neva nyembamba kabisa zisizo na ganda, mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu unapata maumivu mawili: lile la kwanza kali la kuchoma, kisha kimya kifupi, halafu linakuja lile zito la kupwita. Yametoka pamoja, moja limepanda basi la moja kwa moja na jingine linatembea kwa miguu.

#5 · Nyundo_ya_Mpira

Mimi niongelee mkono unaoshika nyundo, maana goti "lisiloruka" mara nyingi limegongwa vibaya.

Mgonjwa akae juu ya kitanda cha uchunguzi, miguu ining'inie, nyayo zisiguse sakafu. Akikanyaga chini msuli unakuwa na kazi nyingine na jibu linafifia. Asiyeweza kukaa alale chali, pitisha mkono wako chini ya magoti yote mawili uyanyanyue kidogo mpaka yalegee. Tafuta kano kwa kidole kwanza, ni ule mshipi kati ya pia na uvimbe wa mfupa wa muundi. Shika nyundo mwishoni mwa mpini, iache ianguke kwa uzito wake kutoka kwenye kifundo cha mkono. Ukiidokoa kama unapigilia msumari utaumiza na hutapata kitu. Ukigonga pia yenyewe, umegonga mfupa.

Usitazame kanyagio la mguu tu. Weka kiganja juu ya paja. Kuna magoti ambayo mguu haurushwi lakini msuli unajikunja chini ya kiganja, na hilo ni jibu kamili.

Ukikosa, usiandike sifuri bado. Mwambie akunje vidole vya mikono miwili avifungamanishe kama ndoano mbele ya kifua na avute kwa nguvu, kisha gonga palepale anapovuta. Ujanja huu ni wa daktari Jendrassik, wa mwaka 1885, na unafanya kazi hadi leo kwa sababu kuvuta kwa mikono kunaongeza msisimko wa seli za miguuni. Akishavuta kwa sekunde nyingi nguvu yake inaisha, kwa hiyo usimwachie avute huku wewe unatafuta nyundo mfukoni.

Alama: 0 hakuna, 1+ dhaifu, 2+ ya kawaida, 3+ kali, 4+ kali pamoja na kutikisika mfululizo. Alama peke yake haina maana. Yenye maana ni kulia kulinganisha na kushoto, na miguu kulinganisha na mikono. Mtu mwenye 1+ kila mahali na hana dalili yoyote kaumbwa hivyo. Mwenye 3+ kulia na 1+ kushoto, huyo usimwache aondoke.

Kukumbuka mizizi ya neva inayotoka kwenye ugwe (S ni ya nyonga, L ya kiuno, C ya shingo), hesabu kuanzia chini kama mtoto: moja-mbili kisigino (S1, S2), tatu-nne goti (L3, L4), tano-sita msuli wa mbele ya mkono (C5, C6), saba-nane wa nyuma ya mkono (C7, C8).

#6 · Msomaji_Kimya

Sasa hapo kwenye kichwa cha uzi: kutoruka na kuruka kupita kiasi. Kipi kibaya zaidi?

#7 · Kapteni_Neva

Hakuna kilicho kibaya zaidi, vinakuambia ukatafute mahali tofauti.

Ikipotea, mzunguko wenyewe umekatika: neva ya kwenda, seli ndani ya ugwe, neva ya kurudi, au msuli. Kisukari cha muda mrefu hula neva ndefu kwanza, kwa hiyo refleksi ya kisigino hupotea kabla ya goti, na soksi ya ganzi inapanda kutoka vidoleni. Dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, bila vitamini B6 inaweza kuleta hali hiyohiyo. Polio inaua seli za kuendesha misuli ndani ya ugwe: mguu unalegea, refleksi hakuna, msuli unasinyaa, lakini mtoto anahisi ukimgusa. Kuna pia ule ugonjwa wa Guillain-Barré, udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda kwa siku chache huku refleksi zikizimika. Huyo ni wa kupelekwa hospitali leo, kwa sababu kinachofuata ni misuli ya kupumulia. (Mtoto yeyote chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla anatolewa taarifa kama mshukiwa wa polio, na choo huchukuliwa mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14. Usisubiri uone kama atapona.)

Ikizidi, mzunguko ni mzima ila anayeshika kitufe cha sauti hayupo: kiharusi, uvimbe unaobana ugwe, kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hapo utaona mguu mgumu, ukisukuma wayo juu kwa ghafla unatikisika wenyewe mapigo kadhaa, na ukikwaruza unyayo kuanzia kisigino kwa ukingo wa nje kwenda mbele, kidole gumba kinanyanyuka badala ya kuinama. Daktari Babinski alilieleza hilo mwaka 1896. Kwa mtoto mchanga ni kawaida, kwa kuwa njia za kutoka juu hazijapata ganda lake. Hadi mwaka mmoja, wengine karibu miwili, usishtuke.

Mtego: aliyevunjika uti wa mgongo leo, mathalani kwa ajali ya bodaboda, hana refleksi kali. Hana kabisa. Ugwe chini ya jeraha unazimia kwa siku au wiki, kisha zinarudi, na zikirudi zinarudi kwa fujo. Kwa hiyo mguu mlegevu saa za kwanza hauthibitishi kwamba tatizo liko kwenye neva za mguu.

#8 · Dozi_Kamili

Ongezea pepopunda hapo, inaingia vizuri sana kwenye lile tawi la pili la post #1. Sumu ya kimelea inaingia kwenye ncha za neva, inapanda nazo kinyumenyume hadi ugwe mgongo, halafu inazuia zile seli ndogo zisimwage glisini. Wanyamazishaji wamenyamazishwa. Kila refleksi inafyatuka bila breki, misuli ya mbele na ya nyuma inakaza pamoja, na taya hufunga mapema. Ndiyo sababu mgonjwa huwekwa chumba kimya chenye giza: mlango ukibamizwa tu anakakamaa mwili mzima, na fahamu anazo zote. Sumu iliyokwisha kushika kwenye neva haiondolewi na dawa. Inasubiriwa wiki kadhaa. Chanjo ni rahisi kuliko hapo.

#9 · Mkunga_wa_Zamu

Nyie mnaongelea nyundo ya daktari bingwa. Refleksi ya goti inayookoa watu usiku ni ya wodi ya wazazi, kwa mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu.

Magnesiamu salfeti inazuia kalsiamu isiingie kwenye ncha ya neva, na bila kalsiamu neva haimwagi asetilikolini ya kuuamsha msuli. Kwa kiwango cha tiba, milimoli 2 hadi 3.5 kwa lita ya damu, tunapata kinga ya degedege. Ikipanda kati ya 3.5 na 5 goti linakoma kuruka. Ikizidi 5 pumzi inaanza kuzama. Mnaona mpangilio? Goti linapiga kengele kabla ya mapafu, na halihitaji maabara.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi ya kuendeleza, gramu 5 kwenye msuli wa tako kila saa 4, mambo matatu: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka, mkojo angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi inasimama. Mkojo umo kwa sababu magnesiamu hutoka kwa figo. Figo ikigoma, dozi halali inageuka sumu. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa, na kalsiamu glukoneti gramu 1 (mililita 10 za asilimia 10) kwenye mshipa wa damu, taratibu. Ampuli hiyo iwe kwenye trei kabla ya kuanza magnesiamu, isiwe kwenye kabati lililofungwa na mwenye ufunguo ameenda kula.

Makosa: kupima goti mara ya kwanza saa 4 baada ya dozi, wakati hujui lilikuwaje kabla. Lipime mwanzoni, liandike. Na kujaza fomu "refleksi ipo" kwa mazoea, mama hata hajafunuliwa shuka.

#10 · Msomaji_Kimya

Swali kwa Mkunga: mama akitoka upasuaji na ganzi ya mgongoni, goti halitaruka hata kama magnesiamu iko sawa. Mnafanyaje?

#11 · Mkunga_wa_Zamu

Swali zuri, na ndipo wengi wanapoteleza: wengine wanaisimamisha dawa bure, wengine wanasema "ni ganzi tu" na kuendelea. Hamia mkononi, ganzi haijafika huko. Mkono wake ulale tumboni umelegea, kiwiko kimekunjwa kidogo. Weka dole gumba lako kwenye kano iliyo ndani ya kiwiko, kisha gonga dole lako mwenyewe. Utahisi kano inaruka chini ya kidole hata mkono usiposogea. Na uandike kwenye chati kwamba ni mkono, si goti, ili wa zamu inayofuata asilinganishe vitu viwili.

#12 · Nyundo_ya_Mpira

Nyongeza fupi ya mboni, maana watu wanamulika kwa tochi ya simu hovyo. Mwambie atazame mbali, ukutani. Akitazama tochi iliyo karibu mboni zinasinyaa kwa sababu ya kutazama karibu, si kwa mwanga. Leta mwanga kutoka pembeni. Angalia jicho ulilomulika, halafu rudia uangalie lile jingine: yote mawili yanapaswa kusinyaa pamoja. Aliyeumia kichwa na mboni moja imepanuka na haiitikii, damu au uvimbe unaweza kuwa unaibana neva ya jicho kwa ndani, na hapo ni mbio. Mboni zote mbili zimekuwa tundu la sindano, mate na jasho vinamtoka: fikiria sumu ya kuulia wadudu shambani.

#13 · Unga_wa_Muhogo

Naona hamjaitaja konzo, na huku kwetu Kiswahili kinakozungumzwa ndipo ilipo: Kongo, na Tanzania iliwahi kuonekana Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame. Nayo ni ya kundi la "kuzidi". Mtu mwenye afya njema, ndani ya siku chache miguu yote miwili inakakamaa, anatembea kwa ncha za vidole magoti yakikwaruzana, na goti likigongwa linaruka kwa nguvu pande zote mbili. Mgongo hauumi, hisia zipo. Haiendelei kuwa mbaya, lakini hairudi nyuma pia. Jina lenyewe ni la Kiyaka, lugha ya huko Kongo, maana yake ni miguu iliyofungwa.

Chanzo ni muhogo mchungu uliokatishwa hatua, wiki kwa wiki, kwa mtu ambaye hali nyama, samaki wala maharage ya kutosha. Mwili huondoa sayanidi, ile sumu ya muhogo mchungu, kwa kutumia salfa itokanayo na protini. Ukame ukija, muhogo unakuwa mchungu zaidi, na njaa inafanya watu waufupishe muda wa kuloweka.

#14 · Kijiweni_FC

Na kama unga umeshasagwa upo ndani, unamwagwa?

#15 · Unga_wa_Muhogo

Haumwagwi. Weka unga kwenye beseni, weka alama ya kimo chake kwa ndani. Ongeza maji ukichanganya: mwanzoni kimo kitashuka, endelea kuongeza mpaka kirudi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka au turubai, unene usizidi sentimita 1. Uache juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Hapo kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinamalizia kuivunja ile sumu na gesi inapaa. Ukiulundika mnene haitoki, na ndilo kosa la kila anayeharakisha. Ufanyie nje, si jikoni palipofungwa. Songa ugali siku hiyohiyo, unga uliolowa ukilala unachacha.